Stima ikipotea hukatwi dau!

Haya, leo nina neno na wale wanaosema mthibitishaji wa blokucheni hawezi kukaa nyumbani hapa Kenya.

Juzi kwenye chama chetu, watengenezaji programu tisa, tulizungumza kuhusu kuunganisha pesa tuendeshe mthibitishaji wa Ethereum. Kabla sijamaliza kueleza mashine itakaa wapi, mmoja akadakia: "Bro, na hizi stima zetu? Tukodi seva Ujerumani, yaishe." Vichwa vikatikisika. Nikashindwa kura, nane kwa moja. Basi naandika hapa, mahali ambapo hakuna wa kunikatiza.

Tuanze na hiyo stima. Wenzangu wanachanganya adhabu mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni ya kutokuwepo: mashine ikizimika unakosa malipo ya muda huo na kutozwa faini ndogo. Dau la ETH 32 likileta asilimia 3 kwa mwaka, siku nzima gizani inakukosesha takriban ETH 0.0026, na faini juu yake haifiki kiasi hicho. Inauma? Kidogo. Ukirudi hewani, siku mbili hivi zinaifidia.

Adhabu ya pili ndiyo ya kuogopwa: kukatwa dau na kufukuzwa. Hiyo humpata anayetia sahihi mambo yanayopingana, kwa mfano bloku mbili za nafasi moja au kura mbili zisizopatana. Sasa jiulize, mtu mwaminifu anafikaje hapo? Mara nyingi ni kwa kuendesha ufunguo mmoja kwenye mashine mbili: moja nyumbani, nyingine ya kukodi, "just in case stima ipotee." Umeona? Woga wa adhabu ndogo unakutuma moja kwa moja kwenye kubwa.

Kuna jambo moja zaidi. Wathibitishaji wenye zaidi ya theluthi moja ya dau lote wakipotea kwa pamoja, Ethereum hushindwa kukamilisha bloku, na faini za waliopotea huanza kupanda kadiri muda unavyopita. Tarehe 25 Agosti 2023 Kenya karibu nzima ilikaa gizani. Mthibitishaji wa Nairobi angezimika, lakini mtandao wa dunia usingejua hata kama kuna kilichotokea. Ukikaa seva moja na maelfu ya wenzako, mnaanguka pamoja. Wenye Solana wanalijua hili: Novemba 2022 kampuni ya Hetzner ya Ujerumani, ambayo masharti yake hayakuruhusu kazi hiyo, iliwafungia wathibitishaji wengi kwa mpigo, na takriban moja ya tano ya dau lote ikaondoka hewani. Mtandao haukusimama kwa sababu theluthi haikufikiwa. Je, hiyo ndiyo seva tunayoikimbilia kwa sababu ya usalama?

Sasa mashine. Pendekezo la Ethereum namba EIP-7870, la mwaka 2025, linamshauri mthibitishaji awe na SSD ya NVMe ya terabaiti 4, RAM ya gigabaiti 64, prosesa ya viini 8, na intaneti ya megabiti 50 kupakua na 25 kupakia. Hiyo ni tarakilishi ya mtu wa kuhariri video. Inaenea chini ya meza. Ikitumia wati 40, ni kama yuniti 29 za tokeni kwa mwezi. Ushauri wangu mmoja tu: usibane pesa kwenye diski. SSD ya bei rahisi huandika polepole, nodi hubaki nyuma, halafu unalaumu intaneti.

Na intaneti yenyewe? Hapa nakubali, wapinzani wangu wana hoja. Faiba ya kwangu iliahidi megabiti 40. Jioni nikipima kupakia napata 8. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pima kupakia, tena saa mbili usiku, si alfajiri. Uliza pia kama kuna kikomo cha matumizi: megabiti 5 kwa sekunde mfululizo ni terabaiti 1.6 kwa mwezi. Umbali, hata hivyo, si tatizo. Kutoka Nairobi hadi Ulaya na kurudi ni kama milisekunde 150, na Ethereum hutoa nafasi moja ya bloku kila sekunde 12. Tuna muda wa kutosha.

Linganisha na Solana. Kule nafasi ni milisekunde 400, na mwongozo wa waendeshaji unataka RAM ya gigabaiti 256 na intaneti ya kibiashara yenye kasi sawa kwenda na kurudi. Hapo sitabishana na mtu: nyumbani haiwezekani. Lakini hayo ni maamuzi ya waliobuni. Waliamua kasi ni muhimu kuliko mimi na wewe kuweza kukagua hesabu. Orodha ya mashine inayotakiwa inakuambia nani amealikwa, hata kama tangazo linasema wote mnakaribishwa.

Kizuizi chetu halisi ni dau. Tuseme ETH moja ni dola 2,000: ETH 32 ni dola 64,000, zaidi ya shilingi milioni 8. Hilo ndilo la kujadili kwenye chama, pamoja na nani atashika funguo za kutolea pesa. Stima ni kisingizio.

Basi nimeamua hivi. Mashine nimeagiza kwa pesa zangu. Kwa miezi miwili itathibitisha kwenye Hoodi, mtandao wa majaribio uliozinduliwa Machi 2025, ambako ETH haina thamani. Kila stima ikipotea naandika saa, kila kura ikikosekana naihesabu. Kisha daftari naliweka mezani mbele ya wale wanane.

Hesabu zikinisuta, chai ni juu yangu na seva ya Ujerumani nitailipia mchango wangu bila kununa. Zisiponisuta, tupige kura upya.