Vinasaba Havijaufuta Mkono wa Mwafrika

Kuna mwandishi anayedai kuwa utafiti wa vinasaba uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2023 umemaliza ubishi: Waajemi ndio walioijenga miji ya Waswahili. Sikubali. Waliopimwa ni watu 80 wa kale, kutoka Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na kwingineko, na ni kweli asili ya Uajemi ilionekana, hasa upande wa baba. Lakini zaidi ya nusu ya vinasaba vya wengi wao vilitoka Afrika, hasa kwa mama zao. Na kuchanganyika kwenyewe kulianza yapata mwaka 1000.

Sasa Shanga, kisiwani Pate, tuiweke wapi? Pale wanaakiolojia wamefukua msikiti chini ya msikiti hadi kuufikia ule wa miti wa karne ya 8, na vigae vingi vya vyungu ni vya ufinyanzi wa hapahapa, unaopatikana hadi bara. Mji ulikwishakuwepo!

Tena wengi wa waliopimwa walizikwa karibu na misikiti, katika makaburi ya wenye nafasi. Mvuvi aliyezikwa bila jiwe hakuhesabiwa sawa nao, na mwandishi hakutaja hilo hata kidogo.