Jiwe Likiziba Mkojo na Homa Ikapanda, Usikimbilie Famasi

Kama una jiwe kwenye njia ya mkojo na homa imekushika, mwili unatetemeka, acha kusoma hapa uende hospitali sasa hivi. Mkojo uliozibwa na jiwe ukishaingiwa na vijidudu unaweza kugeuka usaha ndani ya figo, na maambukizi yakaingia kwenye damu kwa muda wa saa chache. Hapo kidonge cha kusukuma jiwe hakikufai kitu. Unahitaji dawa za kuua vijidudu na mkojo ule utolewe haraka, ama kwa mrija unaopitishwa kibofuni hadi kwenye figo, ama kwa mrija unaoingizwa mgongoni.

Naandika kwa sababu ya niliyoyaona juzi jioni kwenye famasi ya mtaani kwetu. Kijana aliingia amejikunja, mkono mmoja ubavuni, mwingine umeshika simu. Akaonyesha picha ya boksi la tamsulosini aliyotumiwa na binamu yake anayefanya kazi Muscat, kwenye joto linalokausha maji mwilini na kuzalisha mawe. "Dokta, nipe hii hii. Mwenzangu jiwe lilimtoka kwa wiki moja." Muuzaji akafungua kabati. Hakuuliza jiwe lina ukubwa gani, liko wapi, wala kama kijana ana homa. Kijana akalipa, akaenda zake.

Tamsulosini tunaifahamu kama dawa ya wazee wenye tezi dume iliyovimba. Hulegeza misuli, na madaktari wakaitumia ili mrija utokao figo kwenda kibofu nao ulegee, jiwe lipite. Nifedipini, dawa ya presha, ikatumika kwa lengo hilo hilo. Tafiti ndogo ndogo zikazisifu zote mbili kwa miaka mingi.

Kisha zikaja tafiti kubwa. Mwaka 2015 Uingereza ilitoa matokeo ya utafiti wa SUSPEND, uliowagawa wagonjwa zaidi ya 1,100 katika makundi matatu: wa tamsulosini, wa nifedipini na wa kidonge kisicho na dawa ndani yake. Baada ya wiki 4, ambao hawakuhitaji matibabu zaidi walikuwa asilimia 81 kwa tamsulosini, 80 kwa nifedipini, na 80 kwa kidonge kitupu. Mwaka 2018 Marekani ilipima wagonjwa 512: mawe yalitoka kwa asilimia 50 ya waliopewa tamsulosini na 47 ya wasiopewa. Utafiti wa China wa watu zaidi ya 3,200, wote wakiwa na jiwe upande wa chini wa mrija, ulipata asilimia 86 kwa 79, na faida hiyo ilikuwa kwa mawe yaliyozidi milimita 5.

Maana yake ni hii. Jiwe lisilofika milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe. Tamsulosini huenda ikamsaidia mwenye jiwe la milimita 5 hadi 10 lililokwisha kushuka karibu na kibofu. Kwa kubwa kuliko hilo, usitegemee kidonge. Kwa hiyo kabla ya kuuliza dawa gani, uliza jiwe gani, na jibu hulipati kwenye picha ya simu. Hutoka kwenye ultrasaundi au CT skani.

Dawa hizi pia zina madhara. Tamsulosini hushusha presha, ukisimama ghafla unaona kizunguzungu. Mwambie daktari wa macho kama unaitumia kabla hajakupasua mtoto wa jicho. Diklofenaki hutuliza vizuri maumivu ya jiwe, lakini ni hatari kwa mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo na mwenye figo dhaifu. Na wanaouza "dawa ya kuyeyusha mawe" hawakuambii kwamba mawe mengi ni ya kalsiamu, ambayo hayayeyuki kwa dawa ya kunywa.

Maumivu kuisha si ushahidi kwamba jiwe limetoka. Figo iliyozibwa inaweza kunyamaza huku inakufa. Kojoa kwenye chombo, uchuje mkojo kwa kichujio cha chai ulichokitenga, utafute kajiwe kama punje ya mtama. Ukikapata, kapeleke kwa daktari. Wiki 4 zikipita hujakaona, rudi ukapigwe picha tena.

Usingoje hata siku moja ukiwa na homa, mkojo umekata, unatapika kila unachokunywa, maumivu hayatulii, una figo moja tu, au una mimba.

Nawe ndugu yangu muuza dawa, kabla hujafungua kabati, uliza: Umepimwa? Jiwe lina ukubwa gani? Una homa? Akishindwa kujibu mawili ya kwanza, au akikubali la tatu, usimuuzie. Mwelekeze hospitali.