Gita Likikuchana Vidole Halina "Roho", Umepigwa!

Wadau wa gita, leo hakuna kumung'unya maneno. Kuna sentensi moja inazunguka mitandaoni na madukani, tamu kama asali, na inaua wapiga gita kabla hawajazaliwa: "Kasoro ndiyo roho ya gita."

Chukua kisa cha dogo mmoja wa Kitaya, kule mpakani, Ruvuma upo pua na mdomo na ng'ambo ni Msumbiji. Korosho zikauzwa mnadani, mzee akapata chake, dogo akakatiwa fungu. Hakununua simu wala viatu. Akatuma hela Kariakoo kwa muuzaji mmoja aliyemwona mtandaoni, gita la umeme likapakiwa basi mpaka Mtwara mjini, likamaliziwa na bodaboda. Jekundu, linang'aa kama gari la bwana harusi. Mtaa mzima ukaja kuangalia.

Wiki ya kwanza vidole vikachanika. Si zile ncha za vidole zinazouma kwa kubonyeza nyuzi, hayo ni maumivu ya kila anayejifunza. Hapa ni ubavu wa kiganja, kila mkono ukiteleza shingoni, kwa sababu ncha za freti zimetokeza kama meno ya msumeno. Wiki ya pili akagundua jingine: akipiga kodi chini ya shingo gita linaimba vizuri, akipanda juu linalia kama paka. Akatyuni, akarudia, wapi. Akamwandikia muuzaji: "Braza, mbona hili gita halikubali?" Jibu likaja na vikatuni vya kucheka: "Dogo, kila gita lina roho yake. Lizoee."

Jirani naye akamalizia: "Mchagua jembe si mkulima."

Dogo akaamini hana kipaji. Gita sasa linaning'inia ukutani juu ya redio, pambo. Madogo wa aina hii wapo kila wilaya, na karibu wote wanajilaumu wenyewe.

Wakati huohuo, staa mmoja wa mjini, jina kapuni, anapiga picha na gita lililobanduka rangi, lina makovu kila kona, anaandika "lina stori." Maelfu wanapenda. Sawa kabisa, lina stori. Ila nyuma ya picha kuna fundi ambaye kila mwezi analifungua, analisafisha, ananyoosha shingo. Hiyo haipostiwi. Wanaotazama wanabaki na somo moja tu, tena la uongo, kwamba ubovu ni uzuri.

Hapa ndipo watu wanapochanganya vitu viwili ambavyo havina hata undugu wa mbali. Kuna makovu na kuna makosa. Kovu ni rangi iliyoondoka kwa sababu mkono wa mtu umepita hapo miaka 20. Kosa ni freti iliyopigwa mahali siyo siku gita linatengenezwa. Kovu halibadilishi noti hata moja. Kosa linabadilisha zote.

Na hii si suala la ladha, ni hesabu. Gita la kawaida la aina ya Stratocaster, uzi unaolia una urefu wa milimita 648. Freti ya 12 lazima ikae katikati kabisa, milimita 324, kwa sababu nusu ya uzi ndiyo inayotoa noti ileile, juu kwa ngazi nzima. Sasa sogeza lile daraja la chuma linaloshika nyuzi chini nyuma kwa milimita 5 tu. Freti ya 12 haiko katikati tena, na noti inabaki chini kidogo ya inapotakiwa. Ukienda na nyuzi zikiwa wazi uko sawa, ukipanda umepotea. Utyuni mpaka alfajiri, hautapona. Ndiyo kilio cha dogo wa Kitaya, neno kwa neno. Kipaji hakihusiki hapo, rula ndiyo inayohusika.

Watetezi wa "roho" wana karata zao, na ni haki ziwekwe mezani.

Karata ya kwanza ni Franco Luambo Makiadi. Mfalme wa rumba wa Kongo alianza utotoni na gita la kujitengenezea, kopo na waya. Kweli. Lakini wanaoisimulia stori hii hukatisha mahali wanapotaka. Franco alipopata gita la maana, hakurudi kwenye kopo ili abaki na roho. Kopo lilikuwa shida aliyoivuka. Kumuuzia mtoto kopo lililopakwa rangi nyekundu kwa bei ya gita, kisha umtajie Franco, huo ni utapeli wenye historia ndani yake.

Karata ya pili ni Brian May wa Queen, bendi ya Freddie Mercury wetu aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946. Kuanzia 1963, Brian na baba yake walijitengenezea gita nyumbani. Shingo yake ilichongwa kutoka mbao ya zamani ya mahali pa moto, ina matundu ya wadudu. Springi zilitoka kwenye pikipiki. "Unaona? Takataka tupu, na limepigwa duniani kote!" Ndiyo, ila angalia walichofanya na hizo takataka. Matundu waliyaziba. Kazi iliwachukua kama miaka miwili. Kijana mwenyewe alikuwa mtu wa fizikia ambaye baadaye alipata udaktari wa elimu ya anga. Vifaa vilikuwa vya kuokoteza, vipimo havikuwa vya kuokoteza. Gita hilo linawasuta wale wanaolitumia kama kisingizio.

Karata ya tatu ni soko la Marekani. Tangu 1995 kampuni ya Fender inauza magita yaliyochubuliwa kiwandani kwa makusudi, na mengine yanazidi bei yale mapya yanayong'aa. Basi watu wanasema, si mnaona? Uchakavu ni mali! Lakini hapo kinachochubuliwa ni rangi na chuma cha nje. Hakuna mtu kiwandani anayelipwa kupinda shingo wala kupiga freti upogo ili gita "lipate tabia." Hata wauza uchakavu wanajua mpaka uko wapi.

Karata ya nne ndiyo nzito, na inatoka hapahapa kusini. Wamakonde. Inasimuliwa kwamba mtindo wa vinyago vya shetani ulianza mkono wa kinyago ulipovunjika kwa bahati mbaya, na mchongaji Samaki Likankoa akageuza ajali ile kuwa kiumbe kipya. Hapo kosa limezaa sanaa. Nani atabisha?

Hakuna wa kubisha. Ila simama mbele ya kinyago cha shetani umtazame vizuri. Jicho moja, mguu umejikunja, tumbo limetoboka, na kila mkunjo umepitiwa na patasi, tupa na msasa mpaka mpingo unang'aa. Ajali ilikuja mara moja, yaliyofuata yote yalikusudiwa. Tena kinyago hakidaiwi noti. Kinyago kikiwa na mguu mfupi bado ni kinyago, gita likiwa na freti mbovu ni kuni zenye waya.

Halafu watu wanasahau muziki wenyewe tunaojivunia. Dansi la Tanzania, kuanzia Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe iliyokwenda mpaka Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, hadi Sikinde iliyoanza 1978, limejengwa kwa magita yanayojibizana. Solo anasema, solo wa pili anajibu, rizimu anashona, besi anabeba nyumba. Mtindo huo hauna pa kujificha. Gita moja likiwa nje ya tyuni, hao wengine watatu nao wanasikika wabovu. Ukipiga peke yako chumbani unaweza kujidanganya kwamba kasoro ni ladha. Ukiingia kwenye bendi, wenzako watakwambia ukweli kabla wimbo haujaisha.

Sasa linakuja suala linalouma zaidi, na ndilo sababu ya makala hii kuwa kali.

Kusini ni nyumbani kwa mpingo. Mti huu unachukua miaka 70 na zaidi mpaka ufae kuvunwa, mbao yake ni nzito kiasi cha kuzama majini, na dunia nzima inauhitaji kwa zumari na kilarineti. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa kusimamia misitu yao. Mali iko hapa. Hata hivyo mpingo mwingi unaondoka ukiwa vipande, unageuzwa ala na watu wengine, na thamani kubwa inabaki huko.

Na fundi wa huku anapojaribu kutengeneza gita lake, anakutana na nani? Na mdau mmoja wa mjini, mwenye kamera na nia njema, anayemwambia: "Usipige msasa sana, acha hivyohivyo, wageni wanapenda kitu rafu, ndiyo asili yetu." Eti asili! Mikono iliyolea vinyago vinavyokaa kwenye makumbusho ya Ulaya inaambiwa ubora siyo asili yake. Hizo sifa ni dharau iliyovaa kanzu. Gita lenye "asili" linanunuliwa na mgeni mmoja, linatundikwa ukutani kama zawadi ya safari. Gita linalokaa kwenye tyuni linanunuliwa na mwanamuziki, kisha na wanamuziki wenzake wote. Ukimsifia fundi kwa kosa lake umemfungia kwenye bei ya mapambo maisha yake yote.

Hakuna anayesema mtu anunue gita la mamilioni. La hasha. Yapo magita ya bei ya chini yaliyotengenezwa kwa adabu, na yapo ya bei mbaya ambayo ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kipimo ni rahisi. Pitisha kidole ubavuni mwa shingo, kikikwaruzwa, uliza. Washa programu ya kutyuni kwenye simu, zipo za bure, piga uzi ukiwa wazi kisha ubonyeze freti ya 12, iwe noti ileile. Bonyeza freti moja moja usikilize inayotetema. Zungusha vitufe vya sauti, vikikoroma kama redio ya mkulima, uliza tena. Ukijibiwa "ndiyo roho yake," toka dukani na hela yako.

Tena mengi yanatibika. Ncha za freti hutokeza mbao ikikauka kiangazi baada ya unyevu wa masika, na fundi mwenye tupa laini anazimaliza kwa jioni moja. Daraja la magita mengi ya umeme lina skurubu za kusogeza. Muuzaji wa Kariakoo angeweza kuyafanya hayo kabla ya kufunga boksi. Hakufanya, kwa sababu kuna sentensi tamu inayomlinda.

Na lile jembe la jirani? Mkulima hachagui rangi ya jembe, ni kweli. Lakini mpe jembe lenye mpini unaochomoka uone kama hatalirudisha kwa aliyemuuzia.

Mwenye gita ukutani, leo jioni lishushe, ulipime. Pengine kipaji ulichokizika kilikuwa kinasubiri tupa tu. Haya wadau wa "roho," uwanja ni wenu, semeni.