Zawadi ya Babati na ile "bei ya mwisho"

Najua nimepotea kidogo, majaribio yalitubana kweli kweli, lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu nirudi likizo. Acha niliseme.

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa Bagara, Babati mjini, ila kwa sasa nipo hapa UDOM. Tangu lami ya Dodoma–Babati izinduliwe mwaka 2018, zile kilomita 251 unazikata asubuhi na mchana unakula ugali kwa mama. Ndiyo maana rumeti wangu kila nikiaga ananiambia, "Niletee kitu cha kwenu basi."

Likizo ya mwaka jana nikasema safari hii simwangushi. Nikaingia kaduka kamoja ka zawadi mjini. Nikakuta vinyago vya mpingo, picha za tingatinga, mashuka ya Kimasai. Vitu vizuri, sikatai. Sasa jamani, rumeti wangu ni Mmakonde wa Newala! Nitoke Babati nimpelekee Mmakonde kinyago? Na tingatinga nayo ni ya Dar, ilianzia Oysterbay kwa mzee Edward Saidi Tingatinga aliyefariki mwaka 1972. Nikamuuliza muuzaji kama ana chochote cha huku kwetu. Akanijibu mzigo wote anaufuata Arusha, maana ndivyo vitu wazungu wanavyovijua. (Wazungu wenyewe wengi wanaishia Tarangire wanageuza, ila hilo tuliache.)

Nikaenda mnadani. Pembeni kabisa, kwenye kivuli, nikamkuta mama mmoja wa Kibarabaig ana vibuyu vitatu vya maziwa, vimeshonewa shanga shingoni na mkanda wa ngozi. Nikajua hapa nimefika.

"Shikamoo mama. Hiki bei gani?"

"Marahaba mwanangu. Elfu kumi na tano."

Wadau, nilivyombana yule mama! Mimi mwenyeji, mimi mwanafunzi, bumu halijaingia, nikaondoka, nikarudi, nikaondoka tena. Jua lilikuwa linazama. Akaniita, akanipa kwa elfu sita. Nikarudi hosteli najisifu mpaka corridor nzima ikajua.

Rumeti akakipokea, akakigeuza geuza, akanusa ndani. Akauliza, "Mbona kinanukia moshi? Kimetengenezwaje?" Nikabaki natoa macho. Huyu kwao wanachonga, anajua kuuliza. Mimi wa Babati nilichokuwa nakijua ni bei tu.

Likizo hii nikamtafuta yule mama, safari hii kuuliza. Hakuwa na kinyongo, akanicheka tu. Akanieleza kwamba kibuyu anakipanda mwenyewe, kinakomaa, kinakaushwa, anatoboa na kutoa mbegu. Kisha anakiosha tena na tena mpaka uchungu uishe, ndipo anakisugua ndani kwa kijiti chenye kaa la moto ili maziwa yakae na yanukie. Baada ya hapo ndiyo anashona. Shanga ananunua dukani kwa hela taslimu, na za kile changu zilimla elfu nne.

Piga hesabu mwenyewe. Elfu mbili, kwa miezi yote hiyo! Nikamuuliza kwa nini alikubali. Akasema jioni ile alikuwa hajauza kitu na nauli ya kurudi nyumbani hana.

Kuna mtakaosema kupatana bei ni mila yetu, na yeye alishaweka ya kupunguza. Sawa. Labda ingeishia elfu kumi na tatu, wote tungecheka. Mwenye duka mbane utakavyo, anajua alinunua ngapi na chini ya hapo hashuki. Ila mtu aliyetengeneza kwa mkono wake, jioni, na nauli hana, atashuka mpaka sifuri. Pale hatupatani bei, tunasubiri ashindwe. Na sisi wenyeji ndio wabaya zaidi, maana tunajua kabisa gari la mwisho linaondoka saa ngapi.

Kule Mang'ola, Ziwa Eyasi, wahunzi wa Kidatoga wanayeyusha makufuli mabovu na vyuma chakavu vya shaba mbele ya wageni, wanafua vikuku, na mgeni ananunua pale pale penye moto. Ukishaona jasho, mdomo wa kusema "punguza" unakuwa mzito. Kwetu kibuyu tumekizoea toka utotoni, tunadhani kinaota na shanga zake.

Kwa hiyo siku hizi naanza na "umetengenezaje?", bei baadaye. Na tukiendelea kumlipa mama elfu mbili, binti yake hatashona hata kimoja. Mimi ningekuwa yeye ningeenda kuuza vocha.

Ile tofauti ya elfu tisa nilimpa. Alikataa kwanza, kisha akaniongezea kibuyu kidogo cha mama yangu, sasa sijui ni nani anayemdai mwenzake.

Mwezi ujao naenda tena nyumbani. Rumeti kaagiza cha mama yake Newala, na jirani zetu wawili nao wanataka. Ni elfu kumi na tano, kubeba nabeba bure, na anayetaka kupunguziwa asinitafute. Haya, nina pindi saa nane. Baadaye!