MUNGU HABEBWI, ANABEBA



Juzi nilipanda matatu mjini kuelekea Kangemi. Tulipofika Westlands nikaona kioo cha mbele kina stika tatu za watumishi wa Mungu. Ya tatu ilikuwa na sura yangu. Zamani ningetabasamu. Siku hiyo niliinamisha kichwa.

Wiki iliyotangulia, mama mmoja anayeuza mboga Kawangware alinijia baada ya ibada. Alinunua stika yangu kwa shilingi 100, akaibandika juu ya meza yake. Jua limeifubaza, na wateja wamepungua. Akaniuliza kwa upole, "Pastor, hii imeisha nguvu? Ninunue nyingine?"

Mpendwa, swali hilo lilinikosesha usingizi.

Tukiwa chuo cha Biblia tulisoma habari za Warumi. Kabla ya mashindano ya magari ya farasi, msafara ulishuka kutoka kilima cha Kapitoli hadi uwanja wa Circus Maximus. Sanamu za miungu zilibebwa mabegani, watu wakishangilia. Plutarch anasimulia kwamba ilitosha farasi mmoja aishiwe nguvu, au mwendeshaji ashike hatamu kwa mkono wa kushoto. Hapo iliamuliwa msafara wote urudiwe! Mungu gani huyo anayeharibikiwa kwa sababu farasi amechoka?

Mwaka wa 45 kabla ya Kristo, sanamu ya pembe ya ndovu ya Julius Caesar ilibebwa pamoja na miungu, naye mwenyewe akiwa hai. Cicero aliandika katika barua kwamba watu walikataa kupiga makofi hata kwa sanamu ya Ushindi, kwa sababu ya jirani mbaya aliyewekwa kando yake.

Usiwacheke Warumi. Katika matatu ile, jirani mbaya nilikuwa mimi.

Soma Isaya 46. Beli na Nebo wamepakiwa juu ya wanyama waliochoka, hawawezi kujiokoa, wanakwenda utumwani pamoja na mizigo. Kisha Mungu anawaambia watu wake kwamba Yeye ndiye aliyewabeba tangu tumboni, na atawabeba hata wakiwa na mvi. Tofauti ni hiyo tu. Kuna mungu unayembeba, na kuna Mungu anayekubeba.

Utaniambia, "Pastor, ni ukumbusho tu, kama picha ya mzazi ukutani." Sawa. Lakini picha ya mama yako hujawahi kuiomba ilete wateja. Jipime hivi: ukiibandua leo, utaogopa? Ukiogopa, huo si ukumbusho tena.

Na mimi nitubu hadharani. Stika hizo zilinunua sehemu ya mabati ya kanisa letu. Nilijua watu wanazitegemea, nikanyamaza kwa sababu paa lilikuwa halijaisha. Bado halijaisha. Hata hivyo, kuanzia Jumapili hii hatuuzi tena. Heri tunyeshewe.

Yule mama nilimrudishia shilingi 100 zake na kumwomba msamaha. Akaniuliza, "Sasa nibandike nini pale?" Nikamwambia, "Usibandike kitu, mama. Tuombe." Tukaomba hapo hapo, kati ya sukuma na nyanya.

Kama unayo yangu, ibandue leo. Yesu anakutosha.

Ubarikiwe. Sema Amina.