Shela la Kuazima

Ukifungua kurasa za mavazi mwezi huu utakutana na bibi harusi amesimama ufukweni, veli inapepea, uso umetulia kama hana deni na mtu. Wengi mnanitumia ujumbe mkisema kazi yangu tamu: kila mwezi baharini, warembo, nguo mpya. Mama yangu, aliyenisomesha mpaka nikapata digrii ya mawasiliano, ana jina lake la kazi hii. Anaiita mbeba mabegi. Na jamani, hajakosea.

Jarida letu ni dogo, kwa hiyo mimi mhariri ndiye pia mwandaaji wa picha. Natafuta mahali, naomba kibali, napanga gari, naamsha watu kwa simu saa 9 usiku. Begi langu lina pini, sindano na uzi, ndala za kila saizi, pasi, glukosi, pedi na chenji. Lina pia vibanio vya kuanikia nguo, dazani mbili. Siri hii nawapa bure: yale magauni yanayowakaa wanamitindo utadhani wamezaliwa nayo, mgongoni yamebanwa kwa vibanio kama shuka kwenye kamba. Kwa hiyo shosti, usilie mbele ya kioo.

Hayo yote nayamudu. Kinachoninyima usingizi ni kuazima. Nguo mnazoziona karibu zote si zetu. Hakuna bima, hakuna mkataba. Fundi ananipa kazi ya mikono yake ya wiki 3 kwa sababu nimemwambia, "Fundi, nitairudisha kama ilivyo."

Mwaka jana mwezi wa 7 niliazima shela la satini kwa fundi mmoja wa Sinza. Ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi lilikuwa limeshakodishwa kwa harusi. Mahali ilikuwa Kunduchi. Nilishakwenda kupaangalia wiki moja kabla, alfajiri kama inavyotakiwa, nikakuta mchanga mpana wa kuchezea mpira. Nikaondoka najipongeza.

Siku yenyewe tukafika saa 12 kasoro. Njiani mwezi ulikuwa umejaa kama sinia, na mimi mjinga nikausifia. Kushuka kwenye gari, mchanga hakuna! Maji yamefika karibu na ukuta. Mvuvi mmoja akatuangalia na ile veli yetu, akacheka. "Leo bamvua, dada."

Nimekulia Dar, lakini sikuwa nimewahi kulitilia maanani neno hilo. Mwezi ukijaa au ukiandama, maji hujaa sana na kupwa sana. Wiki iliyotangulia mimi nilikuta maji mafu, ambayo hayaendi mbali. Pwani yetu siku za bamvua maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na kupwa mnamo saa 4 asubuhi. Kungoja yapwe ni kupoteza mwanga, maana jua la Dar likifika saa 3 linamwekea kila mtu vivuli vyeusi chini ya macho, hata uwe umepambwa na nani. Mpiga picha nimemlipia nusu siku. Mwanamitindo ana mtihani chuoni mchana.

Nikasema tupige, kuna kijiukanda cha mchanga kinatosha.

Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, veli inamfunika binti uso, mimi nimeshika pindo kwa nyuma. Wimbi la kwanza likapita, la pili likapita. La tatu likaingia mpaka magotini. Nisiwafiche, picha ya wimbi lile ndiyo tuliyoichapa. Nzuri ajabu.

Nikaomba ndoo ya maji baridi mgahawani, nikasuuza pindo huku mikono inatetemeka. Saa 4 asubuhi fundi akapiga. "Dada, shela langu salama?"

"Salama kabisa, fundi."

Sijui kwa nini. Nadhani niliamini litakauka tu. Likakauka na alama za manjano kama ramani. Usiku nikamwonyesha mume wangu. Hakuniuliza bei wala nani atalipa. Aliuliza, "Amekupigia, ukamwambia nini?" Nikageukia ukutani, nikajifanya nina usingizi.

Ijumaa asubuhi nikaenda Sinza. Fundi akalishika pindo, akalinusa. "Hii chumvi." Kimya. "Jana nilikuuliza, dada." Angejua Alhamisi saa 4, angekwenda Kariakoo kutafuta satini ya rangi ileile na kubadilisha pindo lote. Sasa ilibaki kukata. Alishona mpaka usiku wa manane, mimi nimekaa kwenye benchi nafumua nyuzi, hatuongei. Jumamosi bibi harusi wa watu akavaa viatu vya chini, maana shela lilipungua kiganja kizima. Fundi alimrudishia nusu ya pesa. Nikamlipa mimi, kwa mafungu matatu, kutoka kwenye pesa ya tangi la maji la nyumbani, kwa sababu ofisini hakuna fungu la mawimbi. Mume wangu alibeba madumu miezi miwili, na hakunisema.

Fundi hakupokea simu zangu muda mrefu. Mwezi uliopita alipokea. Akakubali kuniazima tena, ila atakuja mwenyewe. Safari hii nilipanga tarehe kwa kuangalia mwezi, nikampigia na yule mvuvi kuhakikisha.

Akaja na kiti chake cha plastiki, akakaa pembeni ya kamera asubuhi nzima, macho kwenye pindo. Nilimpelekea chai na chapati mbili, akala moja. Kwenye picha ya pili, kona ya chini kushoto, kuna kivuli cha mguu wa kiti. Mpiga picha alitaka kukifuta kwenye kompyuta. Nimemwambia akiache.