Maharage ya wiki nzima yanahitaji umeme usiokatika

Mkakati wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Tanzania Mei 2024, unataka asilimia 80 ya wananchi wawe wanaitumia ifikapo 2034. Lakini maharage makavu, hata yakilowekwa usiku kucha, hula gesi nyingi. Ndiyo maana wenye friza huchemsha ya wiki nzima siku moja, wakayapoza na kuyagandisha kwenye vifuko vya mlo mmoja mmoja. Gesi inaokolewa, na mama akitoka shamba anaunga tu.

Shida ni umeme. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hutunza baridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Kijiji kinachokaa gizani siku tatu, maharage ya wiki yanamwagwa, na mkaa unanunuliwa tena.